PAGAZI AU MTUMWA?

Neno kwa kijana anayekunywa pombe, na kwa yule ambaye bado hajaanza

Kijana, simama kidogo usome. Karatasi hii haikuombi hela, wala haikuulizi dini yako. Ina swali moja tu, nalo ni hili:

KIJANA AKIWA MLEVI, KOSA NI LA NANI?

Uliza swali hili pale stendi ya Tabora, utapata majibu mawili. Wa kwanza atakwambia, "Kosa ni lake mwenyewe. Nani alimshika mdomo akamnywesha?" Wa pili atasema, "Muacheni jamani, siyo kosa lake. Baba yake alikuwa mlevi, kazi hana, rafiki zake ndiyo hao. Angefanyaje?"

Je, wewe unasemaje? Usijibu haraka. Jibu la kwanza lina ukweli ndani yake, na la pili nalo lina ukweli. Lakini kila moja likisimama peke yake LINAUA. La kwanza linamuua mlevi kwa dharau: tunamcheka, tunamruka mtaroni, tunakwenda zetu. La pili linamuua kwa huruma: tunamwambia hana la kufanya, naye anaamini, anaagiza nyingine.

Basi tutafute jibu la tatu. Wala hatuna haja ya kwenda mbali, kwa sababu tumesimama juu ya barabara yenyewe.

BARABARA MOJA, WATU WA NAMNA MBILI

Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, hapa palikuwa njia panda ya misafara. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikaingia Unyanyembe, ndiyo Tabora hii yetu. Kutoka hapa moja ilikwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857. Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872, na mpaka leo pale pana makumbusho. Miembe ya njia ile bado inatupa kivuli.

Sasa angalia. Katika barabara ile walipita watu wa namna mbili, na wote walikuwa na mizigo.

Wa kwanza ni PAGAZI. Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo kuliko watu wote. Pagazi alibeba pembe ya ndovu, au robota la nguo, kilo 30 hivi begani, miezi kama mitatu mpaka pwani. Kazi ilikuwa ngumu kweli kweli. Lakini alikubali mwenyewe, na ujira alipatana. Akiona anadhulumiwa alitua mzigo usiku akatoroka. Wazungu wengi wa wakati ule wamelalamika katika vitabu vyao kwamba mapagazi wamewakimbia!

Wa pili ni MTUMWA. Huyu alikuwa na kongwa la mti shingoni, au mnyororo. Hakupatana ujira na mtu. Akichoka hakutua. Akianguka aliachwa njiani.

Ukiwatazama kwa mbali usingewatofautisha. Vumbi lilelile, jua lilelile, njaa ileile. Tofauti ilikuwa moja tu: huyu ANAWEZA KUTUA, yule HAWEZI.

Rafiki yangu, mtu anayekunywa pombe huanza kama pagazi. Anasema, "Mimi nikitaka naacha." Na siku ile anasema kweli kabisa. Lakini msafara huu ni wa ajabu. Unaanza umebeba wewe, ukifika katikati ya pori unajikuta umefungwa. Wala hakuna anayekuja kukwambia, "Leo ndiyo siku tunakuvika kongwa." Unagundua siku unapotaka kutua.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba kule Brussels, Ubelgiji, wa kupiga vita biashara ya utumwa katika Afrika. Mataifa yale hayakuwa malaika, maana wakati uleule yalikuwa yanaigawana Afrika yetu. Lakini katika mkataba uleule waliweka sura nzima ya kuzuia pombe kali isimwagwe Afrika. Minyororo na pombe kali katika karatasi moja! Hata wao waliona kwamba vitu hivi viwili ni ndugu.

VITUO SABA VYA NJIA

Misafara ilikwenda kwa vituo. Njia ya ulevi nayo ina vituo vyake. Soma, ujue wewe umesimama wapi.

1. NYUMBANI. Mtoto anatumwa kumnunulia baba pombe. Njiani anaonja. Au mama anapika kangara na wanzuki apate hela ya unga na madaftari, na mtoto analala katikati ya madebe. Kuna utafiti wa vijana wa miaka 15 hadi 24 uliofanyika Mwanza na Kilimanjaro, ukachapishwa mwaka 2015. Ulionyesha kwamba wanywaji walikuwa wengi zaidi Kilimanjaro kuliko Mwanza. Je, vijana wa Kilimanjaro wameumbwa wabaya? Hapana! Wamezaliwa mahali ambapo mbege ipo kwenye sherehe za ukoo tangu zamani. Mahali ulipozaliwa panakusukuma.

2. DAMU. Wataalamu wamechunguza mapacha na watoto waliolelewa mbali na wazazi wao. Wameona kwamba karibu nusu ya hatari ya kuwa mlevi inarithiwa. Kama baba na babu walishindwa na pombe, wewe umeanza safari na mzigo mzito kuliko mwenzako. Usijilinganishe na rafiki anayekunywa mbili akaenda kulala. Damu yake siyo damu yako.

3. UMRI. Huko Marekani mwaka 1997 ulitolewa uchunguzi wa watu zaidi ya 40,000. Walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuwa na hatari ya kunaswa karibu mara 4 kuliko walioanza baada ya miaka 20. Kwa nini? Sababu moja ni kwamba ubongo wa kijana bado unajengwa mpaka anapofika kama miaka 25. Ni tofali bichi. Alama ya kidole kwenye tofali bichi inabaki hata tofali likichomwa.

4. KIRANGOZI. Kila msafara ulikuwa na kirangozi, anayetangulia mbele, na wengine wote wanafuata. Wasafiri wa wakati ule wameandika kwamba kwa Wanyamwezi, kijana ambaye hajafika pwani na mzigo hakuhesabika kuwa mwanaume kamili. Leo vijana hawaendi pwani kwa miguu, lakini maneno ni yaleyale: "Wewe hujanywa? Bado mtoto wewe!" Kirangozi wako ni nani? Na tazama matangazo: mpira uko hapo, muziki uko hapo, msichana mzuri yuko hapo, na chupa iko katikati. Huyo naye ni kirangozi. Ila yeye analipwa, wewe unalipa.

5. MFUKO NA KIJIWE. Mfuko mtupu ni hatari, maana mtu asiye na kazi ana masaa mengi na aibu nyingi. Lakini hata mfuko uliojaa ghafla ni hatari. Tazama Urambo, Kaliua na Sikonge hela ya tumbaku inapotoka. Mtu ameinamia shamba mwaka mzima, hela inakuja kwa mkupuo, na kilabu kinaijua tarehe ya malipo kuliko mke wake.

6. KIDONDA CHA MOYO. Mwaka 1998 madaktari wa California walitoa uchunguzi wa maelfu ya watu wazima. Waliwauliza mambo yaliyowapata utotoni: kupigwa, kunajisiwa, kumuona mama anapigwa, kuishi na mlevi nyumbani, na mengine kama hayo. Waliopatwa na aina 4 au zaidi za mabaya hayo, hatari yao ya ulevi, madawa ya kulevya, huzuni kubwa na kujaribu kujiua ilikuwa mara 4 hadi 12 kuliko wale ambao hayakuwapata. Kijana, wengi wanaokunywa hawatafuti raha. Wanatafuta usingizi. Lakini pombe inalaza kidonda tu, haikiponyi. Asubuhi kinaamka kabla yako.

7. BEI NA UKARIBU. Unakumbuka viroba? Pombe kali kwenye kifuko kidogo, inaenea mfuko wa kaptula ya shule, inauzwa kandokando ya pipi. Serikali ilipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017. Kwa nini? Kwa sababu kitu kikali kikiwa rahisi na karibu, wadogo ndio wanaokwisha kwanza. Na gongo inayopikwa kwa kificho, nani anajua kuna nini ndani? Novemba 2000 pale Nairobi watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya bei rahisi yenye sumu ya methanoli, na wengine walipofuka macho. Walikwenda kunywa kama siku zote. Hawakujua.

Haya, hesabu. Katika vituo hivi saba, VINGAPI UMEVICHAGUA WEWE?

BASI KOSA NI LA NANI?

Hukumchagua baba. Hukuchagua damu. Hukuchagua kupigwa ukiwa mdogo. Hukupanga bei ya pombe. Basi yule anayesema "kosa ni lake tu" hasemi ukweli wote. Barabara hii ilichongwa na wengi kabla hujazaliwa.

Lakini ngoja. Katika nyumba moja wapo ndugu wawili. Baba mmoja, damu moja, njaa moja. Mmoja anakunywa, mwingine hanywi. Unawajua watu wa namna hiyo, labda hata mtaani kwako. Maana yake nini? Maana yake barabara inakusukuma, lakini haikubebi. Barabara haina miguu. Mwenye miguu ni wewe.

Hapa ndipo pana jibu la tatu. Tofautisha maneno mawili: KULAUMIWA na KUWAJIBIKA. Ukiumwa na nyoka shambani, nani atakulaumu? Hakuna. Hukumwita nyoka. Lakini mguu uliovimba ni wa nani? Ni wako! Wewe ndiye utakayepiga kelele, wewe ndiye utakayekwenda hospitali. Ukikaa chini ukalaumu nyoka mpaka jioni, unakufa ukiwa na haki yako mkononi. Lawama inatazama nyuma, kuuliza nani alianza. Wajibu unatazama mbele, kuuliza nani ataamka. SIYO KOSA LAKO LOTE, LAKINI MGUU NI WAKO WOTE.

Na yule ambaye tayari yuko kwenye kongwa, tumwambie nini? Hakuna aliyefunguka kongwa kwa kuambiwa "jikaze." Lazima aje mtu na shoka. Basi wajibu wa aliyefungwa siyo kujifungua peke yake. Wajibu wake ni KUPIGA KELELE, aseme, "Mimi nimenaswa, nisaidieni." Na wajibu wetu tulio nje ni kuleta shoka, siyo kuleta kicheko.

Na wale wanaochonga barabara? Wana hesabu yao, tena kubwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia pombe mtu wa chini ya miaka 18. Mwenye duka anayemuuzia mtoto husema, "Natafuta riziki." Hata mfanyabiashara wa watumwa alisema anatafuta riziki! Mama anayepika pombe ili watoto wale, simtupii jiwe, njaa naijua. Lakini hata yeye anaweza kusema, "Mwanangu, wewe hapana, rudi nyumbani." Baba anayemtuma mtoto kilabuni, ajue anamwonyesha njia. Na mhubiri anayemtisha mlevi kwa moto bila kumuuliza amekula nini na nini kinamuuma, naye ataulizwa.

"LAKINI WAZEE WETU WALIKUNYWA!"

Najua utasema hivyo. Ni kweli walikunywa. Lakini sikiliza. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki pombe ilikuwa ya wazee. Ilikuwa ya nafaka au asali, siyo kali kama gongo. Ilikuwa na majira yake, baada ya mavuno, au kwenye sherehe. Kijana hakukaa akanywa mbele ya wakubwa. Pombe ilikuwa na ukuta. Wewe umechukua pombe ya wazee, ukaiongezea ukali, ukaubomoa ukuta, halafu unasema unafuata mila. Mila gani hiyo?

Mwingine anasema, "Mimi nakunywa kidogo tu, siyo mlevi." Vizuri. Jipime basi. Acha kabisa SIKU 30. Usimwambie mtu, hesabu mwenyewe. Ukiweza bila shida, bado wewe ni pagazi, unao uwezo wa kutua. Tua sasa! Ukianza kutafuta sababu siku ya nne, leo kuna harusi, leo kuna mechi, leo nimeudhika, basi papasa shingo yako.

HONGO YA KILA KITUO

Zamani msafara ukiingia nchi ya mtemi ulilipa hongo: nguo, shanga, waya wa shaba. Neno hongo hapo kale lilikuwa malipo ya kupita. Ulilipa hapa, mbele ukalipa tena, na mali ikapungua kila kituo. Pombe nayo ina hongo. Kwanza inadai hela. Halafu inadai muda. Halafu heshima: uliyekuwa unaitwa kwa jina lako unaitwa "yule mlevi." Halafu inadai mke na watoto. Mwisho inadai mwili. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 pombe iliua watu milioni 2.6 duniani, na katika hao karibu milioni 2 ni wanaume. Tena tangu mwaka 1988 wataalamu wa kansa wameiweka pombe kwenye orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu, ikiwemo kansa ya koo na ya ini.

Fedha ya hongo hairudi. Kwa hiyo anayetua mapema analipa kidogo. Anayesema "nitaacha nikioa, nitaacha nikipata kazi" anapanga kutua mzigo mahali ambapo hana tena mikono.

UAMUZI WA BUSARA

Mji huu wa Tabora unajua maana ya kuamua. Januari 1958 chama cha TANU kilikutana hapa. Waingereza walikuwa wameweka uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura lazima achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Sharti lile lilikuwa la dhuluma. Wengine walisema tususie. Mwalimu Nyerere alisimama akawasihi waingie hivyohivyo. Wakakubali, wakaingia, WAKASHINDA. Uamuzi ule tunauita Uamuzi wa Busara, na mnara wake upo mjini.

Umeona? Masharti hawakuyachagua. Hatua waliichagua. Laiti wangesubiri masharti mazuri kwanza, wangesubiri mpaka lini? Na wewe ukisubiri baba abadilike, kazi ipatikane, rafiki waokoke wote, ndipo uache pombe, utasubiri mpaka lini?

FANYA HAYA

Badilisha njia ya kurudi nyumbani. Kama kilabu kiko njiani, zunguka.

Badilisha kirangozi. Tafuta rafiki mmoja tu asiyekunywa, ukae naye saa zile mbaya, kuanzia saa kumi na moja jioni.

Siku ya hela usiende peke yako. Mpe mama, dada au mke sehemu kubwa kabla giza halijaingia.

Sema kidonda chako kwa mtu mzima unayemwamini. Kinachosemwa kinaanza kupona.

Kama unaamka mikono inatetemeka mpaka unywe, USIACHE GHAFLA PEKE YAKO. Mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa ghafla unaweza kupata kifafa na kuchanganyikiwa, hata kufa. Nenda hospitali. Hapa Tabora tuna Kitete. Dodoma kuna Mirembe, ambako wanatibu magonjwa ya akili, na ulevi ni mmojawapo. Wewe ndugu wa mlevi, usimfungie ndani ukisema unamwombea. Mwombee, na umpeleke kwa daktari.

Na wewe ambaye hujaanza, usione haya. Usikubali wakuite mtoto. Pagazi shujaa siyo yule aliyebeba kila alichopewa. Ni yule aliyeutazama mzigo, akauliza, "Huu ni wa nani, na unakwenda wapi?"

Mimi naamini yupo akataye minyororo, jina lake ni Yesu, na nimewaona waliofunguliwa. Ukitaka tuongee habari hiyo, njoo mkutanoni jioni, hata kama unanuka pombe. Hatutakufukuza. Lakini hata kama leo huko tayari kuamini ninachoamini, hili moja usilikatae: mguu ni wako, na leo bado unaweza kutua.

Swali linabaki kwako. PAGAZI, AU MTUMWA?

Ukimaliza kusoma usikitupe. Mpe mwenzako wa kijiweni.